Mzee Sawasawa, Kile Kimkia Kilikuwa Changu

Mwaka umezunguka, mume wangu, tangu uliponiambia unakwenda kujinyoosha kidogo, na hukuamka tena. Najisifu mbele ya wasomaji wote wa tangazo hili la kumbukumbu: hakuna aliyeielewa kazi yako kuliko mimi. Ni kweli kwamba miaka kumi na miwili ya kwanza ya ndoa nilidhani unatengeneza machujio ya chai, lakini hilo tuliache.

Ulinieleza polepole, bila kunicheka sana. Kichujio chako kilikuwa kibao chenye mistari ya shaba, cha kufungwa kwenye mitambo ya simu. Kinapitisha mawimbi ya masafa mawili tu; mengine yote kinayafungia mlango. Na nusu ya kushoto lazima ifanane na ya kulia kama uso na kioo, maana kelele ikiingia pande zote sawasawa, inajimaliza yenyewe. Ndiyo maana kila mchoro uliukunja katikati, ukauinua dirishani kuona kama mistari inalaliana. Hata shuka tulikunja wawili, kona kwa kona, Mzee Sawasawa wangu. Ulikuwa mpole kwa kila mtu, ila kwa shuka hapana.

Hukuwahi kumshuku mtu. Kazi hiyo uliniachia mimi.

Mpimaji, mwenzako wa meza ya pili, alikuja siku ya tatu ya msiba "kunisaidia kupanga karatasi". Alilia kwa sauti, macho yake yakiwa mezani kwako. Alipoondoka mkoba wake ulikuwa umenenepa. Mwezi uliopita nikasikia ofisi yenu inatoa kichujio kipya, na jina la aliyekibuni litakuwa la Mpimaji. Nikasema, kama ni kile chako cha mwisho, jina lako linafutwa huku nikitazama.

Nikawaalika chai, yeye na mkuu wenu wa kazi. Mpimaji akakitoa kibao mfukoni.

"Nimekichora mwenyewe, mama, kuanzia mstari wa kwanza. Kelele bado inapenya kidogo, lakini tutaidhibiti."

Nikavaa miwani yako. "Na kimkia hiki cha kushoto, mwanangu? Mbona kulia hakipo?"

"Aa, hicho ni cha makusudi. Kinarekebisha masafa ya pili. Ni hesabu nzito, mama."

"Nzito kweli. Niliipiga nikiandika sukari na sabuni."

Unakumbuka asubuhi ile? Kalamu yangu iligoma, nikaikwaruza kwenye mchoro wako, ikaacha kimkia upande wa kushoto. "Bi Mkorofi, umeniua!" Ukacheka, ukachora mwingine safi, ukatia sahihi na tarehe, ukaniambia niufiche kati ya shuka, mbali na kalamu zangu. Ulioharibika ukabaki mezani.

Nikauleta ule safi. Mkuu akaukunja, akauinua dirishani. Mistari ikalaliana. Akatazama kibao, akamtazama Mpimaji.

"Jina linabadilishwa wiki hii," akasema.

Hatutakusahau kamwe, sisi: mkeo Bi Mkorofi; binti zetu wawili, muuguzi na mshonaji; dada yako mkubwa; na wajukuu wanne wanaokunja kila karatasi katikati. Mpimaji naye ameomba jina lake liwe hapa, kama rafiki yako wa dhati. Nimempa kalamu yangu, nikamwambia alichore mwenyewe, kuanzia mstari wa kwanza.