Uso wa Dada Kwenye Bango

Jumapili, 3 Februari

Dada yangu kipenzi,

Hapana, hakoromi! Ulinitania katika barua yako ya mwisho kwamba nisubiri ndoa itimize miezi mitatu ndipo nitalijua koo la mwanaume. Basi imetimia, na mume wangu analala kama mtoto aliyeshiba. Mimi ndiye ninayekoroma. Kaniambia mwenyewe, kwa adabu zote: "Mke wangu, jana uliwasha jenereta."

Hujambo lakini? Shemeji hajambo? Mgongo umepungua? Simu yako bado haipatikani, ndiyo maana nakuandikia tena. Sisi huku wazima, na mimi ni zaidi ya mzima. Kumbe kuolewa ni hivi! Kila asubuhi, kabla hajaenda kwenye karakana yake ya mafriji, ananitilia maji ya kuoga, kisha anagonga mlango: "Mteja, maji tayari." Nacheka hadi mama mwenye nyumba anagonga ukuta. Watu husema fundi friji ana mikono ya baridi. Waongo hao.

Sasa nikwambie la kuniumiza, maana sina mwingine wa kumwambia. Maharusi wawili niliowapamba mwaka jana wamerudi kwao. Mmoja kafukuzwa na mama mkwe, mwingine kaondoka mwenyewe, godoro kichwani. Basi jirani yangu mwenye saluni ng'ambo ya barabara kapata la kusema. Wateja wangu wakivuka anawaambia: "Nendeni kwa Poda, mtatoka wazuri. Ila mabegi msiyafungue, mtarudi karibuni." Eti mkono wangu una nuksi. Mkono huu, dada, uliojifunza kushika brashi usoni mwako, wewe umekaa juu ya ndoo! Watatu waliokuwa wamejiandikisha wameghairi. Nina jina moja tu mjini hapa, Poda, na linaelekea kuwa tusi. Likishakuwa tusi sina kazi.

Lakini nimepata dawa. Bibi harusi wangu wa kwanza ni nani? Si wewe? Na ndoa yako ina miaka saba, haijawahi kutikisika. Ile picha mnayocheka, shemeji kakushika bega, nimeipeleka kwa mchapa mabango. Itakaa juu ya mlango wa saluni, kubwa kama kitanda, na maneno: "Poda, mkono wa heri. Muulize dada yangu." Naomba ruhusa yako, ingawa mchapaji keshaanza.

Mdogo wako mwenye furaha na wasiwasi,
Poda


Jumatano, 20 Februari

Mdogo wangu,

Salamu zako zimenifikia, ahsante. Mgongo ni uleule. Nafurahi kusikia unavyotunzwa. Mwambie fundi wako asichoke kuchota maji, wengi huanza na ndoo wakamalizia na kikombe. Natania.

Kuhusu picha, ningekuwa wewe ningeweka yako. Yangu ni ya zamani, sasa nimekonda, na shemeji yako si mtu wa kupenda kutazamwa barabarani. Halafu jina la kazi haliegemezwi kwenye ndoa ya mtu, Poda. Ndoa ya mwenzio ni nyumba unayoipita njiani: unaona taa inawaka, hujui ndani kuna nini. Mwambie mchapaji asimame, hata kama itabidi umwombe radhi.

Simu bado mbovu. Andika tu.

Dada yako


Ijumaa, 1 Machi

Dada yangu mwenye haya nyingi,

Umechelewa! Barua yako imekuta bango liko juu tayari, na ukiliona utalia. Hujambo lakini? Mimi sijambo, nimenenepa kwa furaha hadi sketi zinalalamika.

Watu wanasimama, dada. Muuza matunda wa kona alimwita mkewe: "Njoo uone mke anavyotakiwa kucheka." Mkewe akatazama, akamjibu: "Na wewe uone mume anavyotakiwa kuvaa." Mume wangu naye kila akipita anainua kofia: "Shikamooni, mashemeji!" Wapita njia wanadhani ana wazimu. Nampenda hadi kichwa kinaniuma.

Na wateja wamerudi! Kati ya wale watatu, wawili wamekuja kuomba radhi. Bibi mmoja alimleta mjukuu wake, akasimama chini ya bango akamwambia: "Huyu ndiye. Nataka akupambe ucheke hivi hivi." Jirani yangu siku hizi anafagia mlango wake kimya kimya.

Sasa bado jambo moja. Nataka mje wote wawili, nichukue video fupi mkiwa mmesimama mlangoni. Shemeji aseme neno moja tu, kwamba mkono wa Poda una heri, basi midomo yote itafungwa. Na mbona safari hii hukuniandikia hata salamu zake? Mwambie namdai.

Mdogo wako,
Poda


Jumatatu, 22 Aprili

Dada,

Hapa katikati nilikutumia barua mbili, hukujibu. Sasa nimejua kwa nini. Natamani kukuuliza hali yako, lakini sijui niulizeje.

Jumamosi alikuja binti mmoja na shangazi yake. Binti alikuwa anaolewa mwezi ujao, alitaka nimpake kwa majaribio. Shangazi ndiye aliyenichagua, kwa ajili ya bango. Aliingia kwanza akaanza kupangusa viti vyangu kwa kitambaa chake. Binti alibaki nje, anaangalia juu. Alipoingia akauliza:

"Hawa kwenye bango ni nani?"

Nikajibu kwa majivuno yangu yaleyale: "Dada yangu na shemeji. Miaka saba."

"Shemeji yako anafanya kazi gani?"

"Msimamizi wa ghala la saruji."

Akakaa. Akatoa simu kwenye mkoba, akanipa nione picha. Shati lilikuwa jipya. Kicheko kilikuwa kilekile.

"Huyu ndiye anayenioa," akasema. "Aliniambia mkewe alikufa."

Shangazi akadakia: "Alikufa akijifungua! Tulimpa pole nyumbani kwetu. Mimi mwenyewe nililia."

Nikasema, "Dada yangu yuko hai. Aliniandikia Februari." Nililisema kwa sauti ndogo, utadhani mwongo ni mimi.

Shangazi akacheka kile kicheko cha mtu anayetafuta wa kumpiga. "Basi marehemu ana mwandiko mzuri," akasema. Binti hakucheka. Alichukua simu yake mkononi mwangu, akatoka, akasimama tena pale nje akaangalia juu kwa muda mrefu. Kisha wakaondoka, shangazi mbele, yeye nyuma.

Kulikuwa na mteja kwenye kiti cha kusukwa. Alirekodi yote. Sasa mji mzima umeiona video. Harusi imevunjika, na wale wa nuksi wamepata ushahidi: ukienda kwa Poda, ndoa inakufa hata haijafungwa. Maharusi wote wameghairi. Wanaokuja sasa wanakuja kupiga picha chini ya bango, wanaonyesha uso wa shemeji kwa vidole, wanacheka. Huyo mwenye video ananisukuma nichapishe jingine, sura zenu zibaki, maneno yawe: "Kwa Poda mwongo hapiti." Anasema kuna wanawake wangekuja kwa wingi, na kwamba jina ni jina, hata likitoka jalalani. Mwenye chumba anataka kodi yake. Dada, naogopa kukwambia, nimeanza kulifikiria.

Yuko wapi shemeji? Kaondoka lini? Na kwa nini uliniacha nikutundike barabarani? Hapana, hilo nalifuta. Ulinikataza, nami nikakutundika.

Mdogo wako


Jumatatu, 6 Mei

Poda,

Ni mimi, marehemu. Huku kaburini naendelea vizuri, mgongo tu ndio hausikii dawa.

Umecheka? Mimi nilicheka niliposoma, peke yangu, hadi nikakaa sakafuni. Kufa nikijifungua! Miaka saba mama yake ananihesabia miezi, ananiuliza mbele za watu kama tumbo langu ni la mapambo. Leo mwanawe kanipa mtoto, tena bila uchungu. Walau huko nilizaa.

Aliondoka wiki chache kabla ya harusi yako. Alisema amehamishiwa ghala jingine, atanitumia nauli nimfuate. Alibeba nguo, redio, hata pasi. Mtu anayekwenda kutafuta nyumba kwa ajili ya mkewe habebi pasi, nikajua. Nikaja harusini kwako, nikasema yuko kazini. Nilikushikia shela, ulikuwa unang'aa kama bati jipya. Ningekwambia saa ngapi? Halafu barua zako zikaanza kuja, kila moja na maji yake ya kuoga. Nilizisoma zote, nikazikunja vizuri. Sikukuonea wivu. Au nilikuonea kidogo, siku za Jumapili.

Simu si mbovu. Niliizima, maana kila aliyepiga alimuulizia yeye, na wewe ungenisikia sauti ukajua. Karatasi haitetemeki.

Mwambie yule binti, ukimwona, kwamba sina kinyongo naye. Kwao walimlilia mtu wasiyemjua. Hata hao wanaonijua hawajanilia.

Sasa sikiliza. Kuhusu bango, sikukasirikii. Kama uso wangu unakulisha, liache, andika hayo maneno mapya. Heshima haipikwi ikaliwa, na mimi nimeshazikwa, sizikwi mara mbili. Shika kazi yako, usije ukakosa vyote kwa ajili yangu.

Ila usije huku. Sitaki kuonwa.

Dada yako


Jumapili, 9 Juni

Dada yangu uliye hai,

Natumaini barua hii inakukuta umekaa kwenye kiti, si sakafuni. Mgongo je? Sisi wazima.

Barua yako niliisoma nikashindwa kuimaliza, nikampa mume wangu anisomee. Yule mtu wa utani hakutania. Alipofika kwenye pasi aliirudia sentensi, kisha akaendelea hadi mwisho. Akaikunja, akaniuliza, "Unafikiri amekupa ruhusa?" Nikasema ameandika mwenyewe. Akasema, "Ameandika, ndiyo." Basi. Akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Kesho yake nilikwenda kulishusha. Yeye alishika ngazi, mimi nikapanda. Mwenye video alikuja mbio: "Poda, una kichaa? Unatupa dhahabu!"

Nikamwambia, "Dhahabu ya nani?"

"Si ya dada yako! Na si ulisema kakubali?"

"Kakubali kwa sababu ananipenda. Shika upande huo au ondoka chini yangu."

Akaondoka, ila alirekodi. Bango nilikata upande wa mwanaume nikamwachia anayeteketeza taka. Upande wako nimeukunja, uko chini ya kitanda chetu. Sikuweza kukuchoma.

Sitakudanganya kwamba mambo yamenyooka. Tangu Aprili sijampamba bibi harusi hata mmoja. Chumba cha saluni nimekirudisha, sasa yumo mshona viatu. Kioo kikubwa nilimuuzia jirani wa ng'ambo. Alinisaidia kukibeba kuvuka barabara na hakusema neno, na hilo liliniuma kuliko kejeli zake zote. Wengi wananishauri nibadili jina, nihamie mtaa mwingine, nianze upya kama mgeni. Sijakubali. Nikiliacha jina hapa nitakuwa nimewaachia wao waseme lina maana gani.

Mpiga picha za vitambulisho kanipa kona. Nina kigoda, kisanduku changu na kioo cha mkononi. Watu wengi hawataki kitu, wananipita kama stuli. Juzi akaja mama mmoja mtu mzima, macho mekundu. Mumewe amefariki, na karatasi za mirathi zinataka picha mpya ya mjane. Akaniambia: "Nifiche kulia kwangu. Lakini usinifanye msichana. Nibaki mimi."

Nilimpaka kidogo mno, dada, chini ya macho tu, na mafuta kidogo mdomoni. Akajitazama, akasema, "Ee. Ni mimi." Kisha akauliza naitwa nani. Nikamwambia, nikangoja ainuke.

"Poda? Wewe ndiye wa bango?"

"Ndiye mimi."

"Liko wapi?"

"Nimelishusha. Yule ni dada yangu."

Akalipa, akaondoka. Jana kamtuma jirani yake, naye akasema vilevile, abaki yeye. Watu wawili. Hilo ndilo jina langu lote kwa sasa, na jioni nikifunga kisanduku naona dogo mno, nalia kidogo njiani kabla sijafika nyumbani.

Yule binti nilikutana naye dukani. Nilimpa ujumbe wako. Alinishika mkono tu mbele ya rafu za sabuni, muuzaji akatungojea.

Na mume wangu bado ananifurahisha. Nikikuficha hilo nitakuwa nimekuiga. Lakini nimejifunza kupunguza sauti.

Sasa, umesema nisije kwa sababu hutaki kuonwa. Vizuri, sitakuona. Nitakaa nawe jikoni nitazame ukuta, uongee nami ukitaka, unyamaze ukitaka. Usifagie, usipike, usitafute nguo. Mume wangu ameshawaaga wateja wake, mpiga picha naye nimemuaga. Kabla mwezi huu haujaisha tutakuwa mlangoni kwako. Ukiufunga, tutakaa hapo hapo nje mpaka uchoke wewe kwanza.

Mdogo wako,
Poda