Sababu ya Kuletwa Hapa

Kaka,

Shikamoo. Natumai wewe, wifi na watoto hamjambo. Sisi huku wazima, na baba ni mzima pia, nakuomba ulishike hilo. Nimekuamkia kwa sababu mama, Mungu amrehemu, alinifunza kumheshimu mkubwa hata nikiwa na hasira. Na leo nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Unajua hali ya baba tangu atoke hospitali. Daktari anataka atembee ili mguu usife kabisa, naye hataki kusikia. Kila asubuhi anamwekea Barafu bakuli la maji yenye vipande vya barafu, kisha anakaa kwenye kiti pale getini. Anasema akiondoka, mbwa wake atarudi akute hakuna mtu. Wewe ndiye uliyemwambia kuwa Barafu, uliyebaki naye baba alipolazwa, aliruka ukuta wako akapotea, na kwamba ulikwenda mpaka kituo cha kutunzia wanyama ukamkosa. Tulikuamini, ndiyo maana hakuna mwingine aliyekwenda.

Jumamosi nilifunga cherehani mapema nikaenda kituoni kumtafutia mbwa mwingine, yeyote, mradi baba anyanyuke kitini. Mhudumu, mama mmoja mpole mwenye mabuti ya mpira, alinipitisha banda moja baada ya jingine. Banda la nne, haski mdogo, wale mbwa wa manyoya mengi wa nchi za baridi, jicho moja la buluu na jingine la kahawia, akarukia wavu akilia vilevile alivyokuwa akilia kila baba alipowasha friji bovu la mteja karakanani. Nikafurahi kama mwehu. Nikadhani wamemwokota barabarani.

Kisha nikasoma kadi ya mlangoni. Jina, Barafu. Ameletwa na familia. Sababu ya kuletwa hapa: mwenye mbwa amefariki. Tarehe ni siku ya pili baba akiwa wodini, na chini yake sahihi yako yenye mkia mrefu. Mhudumu akanipa pole ya msiba, na mimi kwa bumbuwazi nikamshukuru. Akanieleza kuwa kwa kawaida hawapokei mbwa mpaka mwenyewe aweke sahihi, isipokuwa kama ameshakufa.

Kwa hiyo ulimuua baba ili usihangaike kumpelekea karatasi aweke sahihi! Ungesema Barafu ametafuna viatu vya wifi. Ungesema amekushinda. Nani angekulaumu? Lakini baba yuko kitandani anahema, wewe unaandika amefariki, tena kwa mwandiko mzuri! Umeona alivyokaa getini mwezi mzima, ukanywa naye chai, ukamwambia avute subira. Huna haya kaka. Njia ya mwongo ni fupi, na yako imeishia banda la nne.

Sasa niseme langu, maana nami si malaika. Mbwa alikuja kwako kwa sababu mimi nilimkataa. Nilisingizia nyumba ndogo, kumbe niliogopa manyoya kwenye nguo za wateja. Hilo nimemwambia baba na nimemwomba radhi. La kwako nilikusudia kumficha, kwa ajili ya moyo wake. Nilijaza fomu, nikampakia Barafu, nikasahau kwamba mhudumu ameining'iniza ile kadi kwenye mkanda wa shingo. Baba ni fundi, amesoma vibandiko vya nyuma ya mafriji miaka thelathini. Hakuna maandishi madogo yanayompita. Mbwa anamlamba uso, yeye anaomba miwani.

Alisoma mara mbili. Hakulia, wala hakukutaja. Aliomba kamba, akasimama, akaburura ule mguu mpaka dukani kwenye kona na kurudi, mimi nyuma yao nalia kwa niaba yake. Kadi ameibandika kwenye mlango wa friji.

Wasalimie wifi na watoto. Jumapili unatakiwa huku, peke yako. Marehemu anakusalimu sana, na anasema geti atakufungulia mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
Kiberiti