Mchungwa Usiozaa

Baray, Karatu
Jumapili ya pili ya mwezi wa nane

Mama,

Leo nitakueleza yote, hata yale ya kuniaibisha. Bibi amelala baada ya ibada, nami nimekaa jikoni na daftari langu la Kiswahili, kwenye kurasa za nyuma.

Ulipotuacha mwezi wa kumi, Baba mdogo ndiye aliyeshika shamba, kwa sababu Baba hurudi kutoka kwenye kambi ya watalii Ngorongoro mara moja tu kwa mwezi. Baba mdogo hakuwahi kuipenda michungwa yako, unajua. Alisema miti kumi na miwili inanyima mahindi nafasi, na maksai hawana pa kugeuzia plau. Alitaka kuikata kabla ya mvua za masika. Nilimwomba msimu mmoja tu nipande ngwara, yale maharage yako ya kutambaa, katikati ya mistari kama ulivyokuwa ukifanya. Akacheka, akasema, "Haya, bwana shamba. Msimu mmoja. Usipovuna, shoka ninalo."

Nilipanda kama ulivyonifundisha. Niliacha hatua mbili kutoka kwenye kila shina, nikachimba makinga ya maji yenye umbo la mwezi mchanga, nikaweka majani makavu. Ngwara ikaota vizuri. Michungwa ikatoa maua.

Ndipo nikakosea. Unakumbuka kila Jumamosi ulivyopita kwenye mistari ukirudisha vichwa vya ngwara chini, ukiviambia, "Rudini, hapo si kwenu"? Nilidhani ni mchezo wako tu, Mama. Tulipokuwa na mitihani ya majaribio nilibaki shuleni Jumamosi tatu, na magoti ya Bibi hayamruhusu kuinama. Niliporudi, ngwara ilikuwa imepanda miti minne mpaka kileleni. Maua yalikuwa chini, yamekuwa ya kahawia.

Baba mdogo alisimama njiani na kuita majirani waje waone. "Hili ni shamba au ni harusi? Tazameni walivyokumbatiana."

Nilichukua mkasi wako wa kushonea nikaanza kukata, uzi mmoja mmoja, nisivunje matawi. Ilinichukua siku mbili. Bibi alikaa kwenye kigoda akiwalisha mbuzi majani niliyokata, akasema, "Mama yako naye mwaka wa kwanza alilia hapo hapo." Hukuwahi kuniambia. Nilifurahi kusikia, nisamehe.

Mvua ilikatika mapema. Mahindi ya Baba mdogo, kule ng'ambo ya njia, yalinyauka kabla ya kubeba. Sikufurahia hilo, maana ni chakula chetu sote. Asubuhi moja nilimwona amechuchumaa kati ya mistari yako. Alifunua ngwara akaingiza kidole ardhini, akakitoa, akakitazama. Udongo wenye unyevu ulikuwa umenata kwenye kucha. Shambani kwake ulikuwa na nyufa za kuingiza mkono. Kisha akaniuliza, bila kunitazama, "Mbegu ya hii kitu itabaki?"

Nikasema itabaki.

Juma lililopita tulivuna. Magunia mawili na debe moja, na machungwa mabichi yapo kwenye miti saba. Ile minne niliyoiumiza haina kitu mwaka huu, lakini imetoa majani mapya. Jana Baba mdogo alisema miti ibaki, na msimu ujao tutapanda ngwara hata upande wake, ila hatua kumi na mbili za mwisho anataka zake. Maana yake ni ule mchungwa wa mwisho, karibu na zizi. Maksai wakigeuka pale plau haitakwama. Alisema kwa upole kabisa, "Huo haujazaa hata siku moja, mwanangu. Unaulindia nini?"

Ni kweli haujazaa tangu nipate akili. Lakini nakumbuka kila jioni ulivyobeba maji ya kuoshea vyombo, ukaipita miti yote kumi na mmoja yenye matunda, ukaenda kuyamwaga kwenye huo mmoja. Nilimwambia anipe mpaka Jumamosi nikuulize. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alisema, "Muulize."

Lala salama, Mama. Nakuahidi sitakosa Jumamosi nyingine, hata ya mitihani, na maji ya vyombo nitaendelea kuyapeleka mpaka utakaponijibu. Nijibu kwa njia yoyote unayoweza, kwa ndoto au kwa mdomo wa Bibi, lakini kabla ya Jumamosi: wewe ulikuwa umeona nini kwenye mti ule?

Mwanao,
Paskalina