Folda ya Mashine Kuukuu Siifuti

Chumba cha juu,
Nyuma ya karakana ya viatu.
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Goti lako linasemaje? Mama ameniambia umeanza kupanda ngazi bila kushika ukuta, nami nikacheka kwa furaha mpaka jirani akagonga. Sisi tu wazima. Mafua yamemwachia Mama sauti nzito, na ameipenda, anaitumia kutugombeza.

Barua yako niliipata. Nimeisoma mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Unasema Mkurugenzi alikupigia simu akilalamika, kwamba wewe ndiye uliyeniombea kazi hii, na kwamba nikamwangukie yaishe. Mjomba, yeye amekusimulia mkia. Ngoja nikupe kichwa.

Unajua tunachapa vitabu vya nukta nundu, vya wasioona. Kompyuta zetu si za namna moja. Za mbele ni mpya. Mbili za chumba cha nyuma ni kuukuu, zina ubongo wa aina nyingine kabisa, lakini ndizo zinazoendesha mitambo ya kugonga nukta. Waya wa mitambo hiyo hauna pa kuingia kwenye kompyuta mpya. Nilipoajiriwa, kila kompyuta ilikuwa na mafaili yake. Mhariri anasahihisha sura huku mbele, chumba cha nyuma kinachapa makosa ya wiki iliyopita!

Nikaziunganisha zote kwenye seva moja, kompyuta kuu inayowatunzia wenzake mafaili. Vitabu, kamusi na majedwali ya nukta yakakaa mahali pamoja, kila mtu anachota hapo. Programu ndizo zisizoweza kuchangiwa, maana ile inayoeleweka na kompyuta mpya, kuukuu haiambulii kitu. Kwa hiyo nikaweka folda mbili za programu, moja ya mpya na moja ya kuukuu, majina ya ndani yaleyale, na kila kompyuta ikiwaka inaelekezwa kwenye folda yake. Mambo yakaenda kimyakimya, hakuna aliyegundua. Hilo ndilo lililoniponza.

Siku niliyompeleka Mama hospitali, Mkurugenzi alifungua seva. Akaona majina yamejirudia, akadhani ni uchafu. Akafuta folda moja, akaelekeza kompyuta zote kwenye ile nyingine. Niliporudi, chumba cha nyuma kilikuwa kimya, naye amesimama katikati kama mfiwa.

"Zimekufa hizi, binti. Tuzitupe, mwakani tutaletewa mitambo mipya."

Msoma prufu wetu, mzee asiyeona tunayemwita Vidole, akamjibu palepale: "Ukizitupa, bosi, nitupe na mimi. Hayo makaratasi yako laini nikiyapapasa naambulia baridi tu."

Watu wakacheka, isipokuwa bosi. Mimi nikaketi, nikairudisha folda kutoka kwenye nakala yangu ya akiba, na kabla chai haijapoa mitambo ikaanza kugonga. Hilo ndilo kosa langu, Mjomba. Nimezifufua bila ruhusa, mbele ya watu.

Sasa anataka kesho nisimame mbele ya wote, niombe radhi, kisha niifute folda kwa mkono wangu mwenyewe. Kitabu cha hisabati kimefika nusu. Kuna watoto ambao hiyo nusu wameshaipata. Niwaambie kujumlisha wajifunze leo, kutoa mpaka mwakani?

Ninajijua. Nikikaripiwa hunyamaza, na maneno huja baadaye nikiwa natembea peke yangu, mazuri kweli, na hakuna wa kuyasikia. Safari hii yamewahi. Nitamwambia folda siifuti. Akitaka aifute mwenyewe, ila sasa akijua anachofuta, na watu wote wakimtazama. Akinifukuza, nitatoka. Lakini wiki hii nimewafundisha wahariri wote namna ya kuirudisha, na kila mmoja ana nakala yake.

Usinione sina adabu. Wewe uliniombea kazi, Mjomba, na hii ndiyo kazi yenyewe.

Nisalimie Mkazamjomba, na Bibi Mdogo, na yule binamu yangu Kibonge. Mwambie picha zake nimezipata na amezidi kunenepa. Mungu awalinde nyote, awape usingizi usio na simu za wakurugenzi.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye hata ninapokukatalia,

Mbishi