Gitaa la Kumsindikiza Chiriku

Jumapili, 2 Machi

Nimenunua gitaa. La umeme. La mtumba! Dada akijua atasema nimerukwa na akili — basi asijue kwanza.

Lilikuwa la kwaya iliyovunjika. Wekundu umefifia, ubavuni limechubuka mpaka mbao inachungulia. Nikalichomeka kwenye spika: nguuuu! Kama friji lenye mafua. Ukigusa nyuzi linanyamaza, ukiachia linaanza tena. Kitufe cha sauti kinakwaruza. Nyuzi hazishiki — unakaza, unapiga, zimeshalegea. Nimenunua mbuzi kwenye gunia.

Lakini shingo! Imenyooka kama rula. Vidole vikaanza kutembea vyenyewe, bila kuniuliza.

Sababu ya yote haya: Dada anamwoza binti yake mwisho wa mwezi, na amemwalika Chiriku. Chiriku kakubali. Anasafiri, anakuja! Dada kaniambia tu, tena akiwa anakunja nguo: mtatuimbia ule wimbo wenu, mmoja tu. Nikasema sawa, kana kwamba nimeombwa kubeba viti.

Jumanne, 4 Machi

Mwanafunzi kakanyaga breki katikati ya barabara, gari likazimika, honi kila upande. Akaniuliza, mwalimu, mbona leo hunikemei?

Nilikuwa mbali. Nilikuwa jukwaani na Chiriku.

Shoga wa Dada tangu shule. Mwimbaji wa bendi yetu. Na — nani atasoma humu? — ndiye niliyetaka kumuoa. Akapata kazi ya kuimba nje ya nchi, akasema twende wote. Mama alikuwa kitandani, hajigeuzi bila mtu. Nikabaki. Hakuna aliyekosea. Hilo ndilo linalouma, huna hata wa kumlaumu. Bendi ikasambaratika, nikaingia kufundisha udereva. Mama naye ameshatangulia. Nyumba ina vyumba vingi kuliko watu.

Ijumaa, 7 Machi

Kwa fundi redio. Mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa uzi, hacheki ovyo. Kafungua gitaa, kachungulia. "Pikapu zimechoka." Mteja mwingine akauliza gari lenyewe limeegeshwa wapi! Ikabidi aelezwe kwamba ni zile sumaku zilizo chini ya nyuzi, ndizo zinazonasa sauti.

Halafu akanionyesha waya uliokatika chini ya daraja la nyuzi.

"Hili halina ethi, waya wa kutulizia mngurumo. Ndiyo maana linatulia ukilishika. Waya umekosekana, wewe ndiye umekuwa waya."

Kunguruma siku nzima mpaka uguswe. Naielewa hali hiyo.

Jumapili, 9 Machi

Meza ya kulia imekuwa karakana. Nimeng'oa vya ndani vyote. Nimebandika karatasi ya shaba kwenye tumbo lake lote, nimeunga waya wa ethi, vitufe vipya, tundu jipya la kuchomekea. Funguo mpya za kukazia nyuzi hazikuingia kwenye matundu ya zamani — nikatoboa upya, roho mkononi. Risasi ya kuungia waya, bado ya moto, imenidondokea kidoleni. Nimetukana, kisha nimeomba radhi kwa chumba kitupu.

Sumaku nimechagua zile kali. Sauti ya Chiriku ilikuwa inapanda mpaka watu wanatazama dari. Gitaa lazima limfuate hukohuko.

Alhamisi, 13 Machi

Linaimba! Halingurumi, halikwaruzi, halilegei. Linang'ata kama asubuhi ya baridi.

Dada akanikuta nalo, kaja na vitambaa vya sare.

"La nini hilo?"

"La harusi."

"Harusi ya nani?"

Tukacheka. Nikampigia mwanzo wa wimbo wetu. Nikainua macho — hacheki tena. Akakaa. Siri haimkai tumboni dada yangu.

Chiriku alipasuliwa shingo mwaka jana. Goita. Neva ya sauti ikaguswa. Kuongea anaongea. Kuimba ni kidogo, tena chini chini. Kule juu hafiki tena. Na alimwapisha Dada nisiambiwe. Anaogopa nisije nikamhurumia.

Ijumaa, 14 Machi

Sikuligusa.

Jumapili, 16 Machi

Nimerudi kwa fundi redio kumuuliza kama gitaa linaweza kushuka. Lishuke kweli, si kuzimwa tu ukali.

Kanitazama juu ya miwani. "Juzi ulitaka ukali, leo unataka upole. Huyo unayempigia ni mmoja au wawili?"

"Mmoja."

"Haya. Toa nyuzi."

Nyuzi nene zaidi. Vijia vyake kule mwisho wa shingo tumevipanua kwa tupa ndogo, pole pole, ukizidisha umeharibu. Shingo tumeikaza kidogo ihimili. Sumaku kali nje! Karibu na shingo tumeweka moja yenye sauti nzito.

Jumatano, 19 Machi

Wimbo uleule, mkono uleule, lakini umeshuka. Kama mtu anayeongea nawe akiwa ameegemea mlango, hana haraka ya kuondoka. Nilipiga jioni nzima nikiacha nafasi ya sauti yake. Nafasi ikabaki nafasi.

Jumamosi, 22 Machi

Amekuja. Yuko hapa! Dada alikuwa amlete, kapata "dharura". Dharura gani, mwongo yule.

Kanenepa kidogo. Skafu shingoni. Nikasema karibu mara nne kama kasuku. Nikampa chai, nikashika gitaa ili mikono ipate kazi. Nikapiga mwanzo. Mahali pa kuingia pakapita, hakuingia.

"Hapo sipo tulipokuwa tunaanzia," akasema.

"Ndipo petu. Pameshuka."

Akagusa skafu. "Dada yako ana mdomo."

"Si unamjua."

"Kwa hiyo umenihurumia."

"Sikukuhurumia. Nimebadilisha nyuzi."

Akaweka kikombe chini. "Rudia."

Nikarudia. Akaingia. Sauti ina ukungu, ina mkwaruzo, siyo ile. Nimeipenda mpaka nikaogopa kumtazama. Kwenye kiitikio ikamkatikia. Sikuacha kupiga, nikabaki chini yake nikizunguka, mpaka akarudi akaidaka. Macho yamejaa, anacheka.

Ndipo simu yake ikalia. Akatoka barazani. "Usizime," akaniambia.

Namsikia. Hapana, Jumatatu ya baada ya harusi sitakuwa nimerudi huko. Sijui lini. Nimesema sijui.

Daftari liko juu ya gitaa, naandika ili nitulie. Simu imekwisha kitambo. Haingii. Kanipa mgongo, anaimba kile kiitikio peke yake, taratibu, sauti inamkatikia palepale, anaanza upya. Hajui kama nasikia. Au anajua. Naweka kalamu, nampigia gitaa kutoka humu ndani —