Maua ya Harusi na Zamu ya Lukia

Same,
2 Septemba 1974

Mama mpenzi,

Shikamoo. Sisi huku wazima, hofu ni kwako tu na kiangazi hiki. Harusi yangu na Wema ni tarehe 12 Oktoba. Naomba yale maua mekundu ya anthuriamu uliyoachiwa na yule sista wa misheni. Wakwe wanatoka Moshi, sitaki watuone watu wa hivi hivi.

Mwanao,
Fanueli

Mbaga,
21 Septemba 1974

Mwanangu Fanueli,

Marahaba. Mimi mzima, ila miguu inanisumbua. Maua yako yana makuu: yanataka kivuli cha migomba, mboji yenye unyevu, na majani kunyunyiziwa asubuhi na jioni. Mto umebaki mchirizi, ndiva yetu, bwawa la kumwagilia, inajaa kwa shida, na maji ni kwa zamu. Alhamisi ilikuwa zamu ya jirani yetu Lukia, yule mjane. Nilimtangulia alfajiri, nikafungua maji, nikayaleta kwenye maua. Alipofika nikamwambia ndiva haikujaa. Akaamini. Maharage yake ndiyo kwanza yanachanua. Roho inanisuta, mwanangu. Nimwambie?

Mama yako,
Priska

Same,
26 Septemba 1974

Mama,

Shikamoo, na pole ya miguu. Usimwambie kwanza, ataleta maneno kabla ya harusi. Maharage atapanda tena vuli. Maua yakinyauka, mimi sura yangu nitaiweka wapi?

Mwanao,
Fanueli

Mbaga,
10 Oktoba 1974

Mwanangu,

Marahaba. Maua nimempa Eliamini wa lori pamoja na barua hii, nimeyafunga kwa majani ya mgomba. Mimi siji. Maharage ya Lukia yamekauka yote, wanawe wamekuwa wakila kwangu. Jana aliniletea kitenge chake kizuri nikivae harusini, akanishukuru kwa kuwalisha. Nikashindwa kukipokea. Nikamwambia yote. Hakunitukana. Alikunja kitenge, akawaita watoto, wakaondoka chakula kikiwa mezani. Sijui walikula nini.

Mama yako,
Priska

Same,
13 Oktoba 1974

Mama,

Shikamoo. Tumefunga ndoa. Eliamini alichelewa, barua yako niliisoma mlangoni pa kanisa. Wema akaniuliza nina nini, nikampa asome. Aliyaweka maua chini, akaingia mikono mitupu. Wakwe walipouliza, nilisema mwenyewe kwamba nimemnyima mjane maji. Ulifungua wewe, Mama, lakini niliyekutuma ni mimi, na niliyekuziba mdomo ni mimi.

Jumatano tunapanda mlima kuja huko na Wema, na gunia la mahindi. Usimwambie Lukia kwamba tunakuja. Akitufungia mlango ni haki yake. Nitaanza kwake, kwako nitakuja baadaye.

Mwanao,
Fanueli