Injini ya Pikapu ya Marehemu Stefano

Bi Shadya mshauri, shikamoo sikupi kwa kuwa nadhani nimekuzidi umri, nakupa habari za siku nyingi tu, halafu naomba unisaidie kabla mvua za masika hazijakaza. Ukurasa wako huu huwa nausoma kwa raha zangu nikisubiri kunyolewa, wanawake waliokimbiwa, vijana waliopenda wake za watu, nacheka mpaka kinyozi ananiambia mzee tulia nitakukata sikio, sasa leo ni zamu yangu, nimekimbiwa na injini. Niliishia darasa la nne, nukta utaweka mwenyewe. Jina langu usilitoe, ingawa huku kwetu Landrova ni moja tu na kila mtu atajua.

Nipo Mgeta, juu ya milima ya Uluguru, na Landrova yangu ni ya mwaka themanini na sita, ya dizeli, sakafu imetoboka unaweza kuhesabu mawe ya barabarani ukiwa umekaa, lakini inavuta kwa miguu yote minne, na masika barabara ikigeuka sabuni na pikipiki zikalala ubavu, hiyo ndiyo inayoshusha kabeji na karoti za watu, na ndiyo inayoshusha wajawazito hospitali. Januari ilichemka ikiwa na mzigo, bloku ya injini ikapasuka, injini ikafa. Padri akaniambia tuiombee, nikamwambia baba, hiyo haijabatizwa. Wakati huo nilikuwa bado nacheka. Wiki tatu zilizopita Prisca, mke wa jirani yangu, alibebwa kwa machela na wanaume wanane kwenye mvua, akajifungulia njiani chini ya turubai, mtoto mzima, mama mzima, lakini lile turubai nililiona walipolileta kulifua, na wale wanaume wakirudi walipita mbele ya nyumba yangu wakaitazama Landrova imekaa juu ya magogo, wakanisalimia vizuri, wakapita. Afadhali wangenitukana.

Injini za kubadilisha nimepata tatu. Ya kwanza iko Turiani, ya petroli, mwenyewe analima miwa na Landrova yake imeoza yote ikabaki injini, nayo nzuri kuisikiliza ila ukipanda nayo mlima huu unamwaga petroli kama unamwagilia bustani. Ya pili iko Gairo, ni ndugu kabisa wa ile yangu iliyokufa, dizeli ile ile, lakini miaka yote ilikuwa inasukuma mashine ya kusaga mahindi, haijawahi kwenda mahali popote, maskini, itaingia bila kuchonga kitu ila itapanda mlima kama mimi ninavyopanda siku hizi, hatua mbili, pumzi tatu.

Ya tatu ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Ni ya pikapu ya Kijapani, dizeli, nzima, ina nguvu, na ilikuwa ya mpwa wangu Stefano, mtoto wa dada yangu Kristina. Stefano alifariki mwaka jana mwezi wa sita, alirudi nyuma kwenye ukungu kumpisha mwenye lori, ukingo wa barabara ukamong'onyoka, akaenda nao bondeni. Nyuma yote ya pikapu ilikunjika, mbele hata taa haikupasuka. Hakuwa na mke wala mtoto, na sisi Waluguru mtu ni wa lukolo, yaani ukoo wa mama yake, kwa hiyo kikao cha arobaini kikasema mabaki yale ni ya Kristina, na mimi mjomba mtu nimtunzie.

Sasa sikiliza, Bi Shadya. Stefano alikuwa akirudi kutoka mjini, akiingiza gia ya kwanza kwenye kona ya chini ya kanisa, mama yake anasikia, anainjika maji ya chai. Akifika mlangoni chai iko tayari. Miaka sita hivyo hivyo. Tulikuwa tunamcheka, tunamwambia ile si injini ni kengele ya mkahawa. Macho ya dada yamefunikwa na mtoto wa jicho, anaishi kwa masikio, na injini ile ataijua hata uifungie kwenye treni.

Nilijua nikimuuliza nitauona uso wake, na sikutaka kuuona. Nikamwambia wanunuzi wa vyuma chakavu wamepita wameibeba pikapu, nikampelekea sukari kilo tano na doti ya kanga nikasema ndiyo bei yake. Kumbe injini nimeshaiteremsha hadi mjini, Mwembesongo, gereji ya fundi Maneno. Huyu Maneno ni Mnyamwezi, mtani wangu, ndiye aliyeingia ndani ya kaburi la Stefano siku ya mazishi, kama watani wanavyofanya, akagoma kutoka mpaka tumpe hela ya soda. Akaniambia mzee itaingia, nitachonga kipande cha kuiunganisha na giaboksi yako, lakini kadi ya gari ina namba ya injini, ukibadilisha lazima ukaandikishe, kwa hiyo lete karatasi ya mwenye injini kwamba amekupa. Nikaandikiwa karatasi. Nikapanda nayo kwa Kristina pamoja na wino.

"Ya nini, kaka?"

"Ya kikundi cha mboga."

"Wewe umeisoma?"

"Nimeisoma."

"Basi."

Akaninyooshea mkono. Dole gumba nilishika mimi mwenyewe nikaligandamiza, nikalifuta na kitambaa, halafu akaniuliza kama nimekula.

Nilipompelekea Maneno, akaitazama ile alama, akasema, "Mluguru wewe, wenzako wanaiba kuku. Wewe unamwibia dada yako mtoto, tena alishaibiwa mara moja na Mungu." Mtani hanuniwi, nikacheka pale mbele ya mafundi wote. Nilipofika Mzumbe nikirudi, cheko lilikuwa limeisha.

Mwisho wa mwezi Maneno anataka kuanza kuifunga injini. Mwezi wa nne kuna wanawake wawili hapa watajifungua, mmoja ana mapacha. Niifunge kimyakimya nimwambie dada ni injini ya kutoka Dar? Au niiache hii yenye nguvu nichukue ile ya mashine ya kusaga, tukwame nayo katikati ya mlima na mtu wa mapacha? Niambie injini ipi, mama, mimi nimeshindwa.

Mjomba, Mgeta

BI SHADYA ANAJIBU

Mjomba, shikamoo. Nimekupa heshima yako yote hapo mwanzoni, maana kuanzia hapa nitasema na wewe kama dada mkubwa ambaye inaonekana hukumpata.

Kwanza pole kwa Stefano. Barua nzima hukuandika popote kwamba unamlilia, lakini mtu anayekumbuka mpwa wake aliingiza gia ipi kwenye kona ipi hana haja ya kuandika.

Ya Turiani achana nayo, utakuwa unauza kabeji kuilisha. Zilizobaki mbili zote zitapanda mlima, moja kwa mbio na moja kwa kujikokota, na hilo unalijua kuliko mimi. Kwa hiyo usinifanye fundi. Ulichoniletea ni karatasi yenye dole gumba. Umemshika mkono mtu asiyeona, ukamdanganya anachokitia alama, na karatasi hiyo haifai hata kufungia karanga. Mbele ya sheria ni udanganyifu. Nyumbani kwenu ni jambo baya zaidi ya hapo, na Maneno amekwambia ukweli kwa utani kwa sababu ndiye pekee mwenye ruhusa ya kukwambia.

Unasema utamwambia imetoka Dar. Mjomba! Siku ya kwanza ikifika kona ile, dada yako atainjika maji. Mlango utafunguliwa na utashuka wewe. Umeshafikiria utamwambia nini akiwa na kikombe mkononi?

Na wajawazito usinitajie. Nimezaa watoto watano, mmoja katika hao nyuma ya lori la mchanga, nawahurumia kuliko unavyodhani. Lakini ulipoficha injini hukuwa unamfikiria mtu wa mapacha. Ulikuwa unakimbia uso wa dada yako.

Basi fanya ninavyokwambia, na kwa mpangilio huu huu. Maneno asiguse bolti hata moja. Wewe panda basi uende Gairo, uiwashe ile injini ya mashine, uiache ingurume saa nzima, utazame moshi wake na uangalie kama inatapika oili. Ikiwa nzima, inunue. Ndiyo, inunue kabla hujaongea na dada. Nitakueleza sababu. Wewe ni mjomba, kwenye ukoo wenu neno lako ni zito, na ukienda kwa Kristina huku kijiji kizima kinasubiri gari na injini ni ile moja tu, hutakuwa umemuuliza. Utakuwa umemkaba. Atakubali kwa kuwa hana pa kutokea, kama alivyokubali kukupa mkono, na kukubali kwa namna hiyo usikupokee tena maisha yako yote.

Ukishaipata ya Gairo, nenda kwake mchana, peke yako. Usiende na mzee wa ukoo, usiende na padri, na sukari usibebe. Mizaha yako iache hapo nje na viatu. Mwambie pikapu haikuuzwa. Mwambie karatasi ilikuwa ya nini, umpe aishike, aichane yeye. Akikufukuza, ondoka. Kesho yake rudi. Akikufukuza tena, rudi tena. Siku atakayokuachia kiti, ndipo umuulize habari ya injini, na kabla hajajibu ajue kwamba kuna nyingine, na kwamba gari litashusha wagonjwa hata akikataa.

Akisema ndiyo, mshushe Mwembesongo, Maneno aiwashe ikiwa bado iko chini, dada aisikilize pale kwanza, akitaka kuishika aishike, na akibadili neno usinung'unike. Karatasi mpya asomewe kwa sauti na mtu mwingine, maana wewe kusoma umeshatuonyesha. Na kwa kuwa ni mali ya marehemu, ulizeni mahakama ya mwanzo taratibu za mirathi, msije mkashikwa barabarani na kadi yenye matata.

Akisema hapana, usimuulize kwa nini. Usimtajie machela, usimtajie turubai, usihesabu nguvu za farasi. Mwambie, "Nimesikia, dada," ukae naye mpaka akuruhusu kuondoka. Halafu ushuke ukamwambie Maneno aifunge ya Gairo, na ya Stefano muirudishe juu, muiweke pale Kristina atakaposema iwekwe. Akisema izikwe, chukua jembe uanze kuchimba.